Msimu wa Chemba Zinazovuja

Jumatatu, 3 Machi

Mvua zimeanza na mimi nimeanza kunuka. Si jasho. Ni mpira uliochomwa, harufu inayoingia kwenye nywele na haitoki hata uzioshe kwa sabuni ya kufulia. Nimefika nyumbani nimemkuta mama mkwe amekaa kwenye kochi, anabandua ngozi ya kisigino kwa kucha na kuidondosha kwenye zulia. Alikuwa na jirani aliyekuja kumjulia hali. Akamwambia, "Huyu ndiye mkwe wangu, anatengeneza ndara." Nikaingia jikoni nisije nikasema kitu.

Ndara zinatengenezwa upande wa pili wa kiwanda. Mimi nachora mipira ya chemba za maji taka. Bomba likiingia kwenye chemba linapita kwenye tundu la ukuta, na zamani tundu hilo lilikuwa linashindiliwa saruji, basi. Ardhi ikilowa chemba inazama kidogo, bomba linabaki pale pale, saruji inapasuka, na vya ndani vinatoka kuwasalimia watu. Mpira wangu umekaa kama mkono wa shati. Upande mmoja umeshikwa na ukuta, upande wa pili umebanwa kwenye bomba kwa mkanda wa chuma. Chemba ikishuka, mpira unajikunja nayo na hakuna kinachopasuka. Hiyo ndiyo kazi yangu, na kwa mara ya kwanza mtaa mzima mpya unawekewa mipira yangu, mtaa tunaokaa sisi wenyewe. Chemba anazijenga mume wangu na genge lake. Watu wanamwita Kioo, kwa sababu lipu yake ikikauka unaweza kujiangalia na kuchana nywele.

Jumatano, 5 Machi

Mvua. Nyanya zimeozea kwenye kapu.

Jumanne, 11 Machi

Bosi ana tabia ya kusafisha sikio kwa kifuniko cha kalamu, halafu anakuazima kalamu ile ile. Leo ameniita, kalamu ikiwa kazini. Marashi alikuwa ameshakaa. Marashi ni afisa mauzo wetu, tunamwita hivyo kwa sababu anajimwagia manukato kama mtu anayezima moto, na ukichanganya na harufu ya mpira wa kiwandani unatafuta dirisha.

"Dada, chemba ya karibu na shule inavuja," bosi akasema. "Pale bomba linapoingia."

"Haiwezekani."

"Mimi ninachojua, watoto wanaruka uchafu kwenda darasani. Na idara ya maji wamesema hivi: mvua zikiisha bado zinavuja, wanarudi kwenye saruji yao. Mipira basi. Mimi nitakifunga kitengo chako, na wewe sijui nitakuweka wapi. Labda kwenye ndara."

Marashi akacheka. Nikapewa kalamu nisaini nimepokea malalamiko. Niliishika kwa ncha za vidole.

Wakati wa kula nikamweleza mume wangu. Alikuwa na saruji chini ya kila kucha, kama kawaida, na anashika tonge kwa mikono ile. Nilikuwa naangalia sahani yangu nisiione mikono. Akaacha kutafuna.

"Mpira wako ndio unavuja?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Pole, mama. Usijali, nipo huko."

Nikashukuru kwa mdomo. Moyoni nikasema, uko huko ufanye nini, wewe na mwiko wako.

Ijumaa, 14 Machi

Tumejaza maji chemba ya majaribio iliyo uani kwa kiwanda. Nikaliinamisha bomba kwa jeki mpaka likawa kama shingo iliyovunjika. Halikutoka tone. Nikapitisha kitambaa kikavu kuzunguka mpira, kikatoka kikavu. Marashi akapiga picha akiwa amesimama mbele ya chemba, tumbo limeificha yote.

Alhamisi, 20 Machi

Nimebadilisha mchanganyiko, mpira umekuwa laini zaidi na mkono mrefu zaidi, uweze kujikunja hata chemba ikizama sana. Siku nzima nimekaa na moshi wa kalibu tunamomiminia mpira, makamasi yangu yametoka meusi. Shehena ya kwanza imepelekwa saiti.

Mume wangu amerudi akasema, "Zile mpya zimelegea kama shavu la mtoto mchanga."

"Ndivyo inavyotakiwa."

Akaitikia kwa kichwa, lile itikio la fundi anayemsikiliza mwanamke akiongea habari za ujenzi. Nalichukia itikio hilo kuliko harufu ya kalibu.

Alhamisi, 27 Machi

Chemba mbili nyingine zinavuja. Na zote mbili zina mipira mipya, ile laini. Zimevuja vibaya kuliko ya shule.

Sielewi. Nimelainisha mpira na hali imekuwa mbaya, ni kama kumpa mgonjwa dawa akazidi kuvimba. Nimekaa na mchoro wangu mpaka mistari ikaanza kunitia kinyaa. Bosi hasemi tena "mipira yetu". Sasa ni "mipira ya dada".

Nikamwambia mume wangu mezani, sauti ikanikatika, sikupenda ikatike mbele ya mama yake. Akanigusa bega kwa mkono wake mkavu unaokwaruza. "Tutaongeza nguvu," akasema. Nilidhani ananiambia nijikaze.

Jumatano, 2 Aprili

Nimeongeza unene. Nimepunguza unene. Nimekula mkate mkavu.

Jumatano, 9 Aprili

Leo uchafu umefika mlangoni kwetu. Umetoka chemba ya kona, umeteremka na maji ya mvua, umepita mbele ya duka la dawa na saluni, na ukaja taratibu kama mgeni asiyeona haya. Karatasi, na vitu ambavyo siviandiki. Mwenye saluni alikuwa anausukuma kwa fagio kuelekea kwa muuza dawa, na muuza dawa anaurudisha kwake kwa fagio lake, wote wawili wanatukanana kwa adabu, "dada yangu" huku, "mdogo wangu" kule. Waliponiona wakashusha mafagio. Kisha mwenye saluni akasema, si kwangu, kwa fagio lake, "Huyu ndiye mama wa mipira."

Mama mkwe alikaa dirishani na khanga puani, ananitazama mimi badala ya kutazama mtaa. Nimedeki kizingiti mara tatu na dawa kali na bado nikimeza mate nausikia ule uvundo kooni. Nimewachukia wote leo. Nimemchukia bosi na sikio lake, na watu wa mtaa wanaotupa nguo kuukuu chooni halafu wanashangaa. Nimeuchukia na mpira wangu mwenyewe, kwa kuwa mzuri uani na mjinga mtaani.

Jumanne, 15 Aprili

Bosi ameniuliza, "Umeshuka kwenye hizo chemba hata siku moja?"

Nikamwambia kuna mkaguzi wa idara. Mkaguzi anamulika tochi kutoka juu, anaandika "kazi safi", anaondoka. Tuna picha zake.

"Nimekuuliza wewe."

Sijashuka. Mpira nimeuona kwenye karatasi, kwenye kalibu na kwenye chemba ya uani yenye maji ya bombani. Chemba yenye vinyesi vya watu sijawahi kuingia, na nilikuwa nimepanga nife sijaingia.

"Kesho unashuka," akasema. Alikuwa anaichunguza ncha ya kifuniko cha kalamu kuona kimetoa nini.

Jumatano, 16 Aprili

Andika yote, bibi wewe, kabla hujaanza kuyapamba.

Nimeshuka chemba ya kona asubuhi. Vibarua walikuwa wameyaziba maji upande wa juu kwa puto la upepo ndani ya bomba, lakini chini yalikuwa yamebaki ya kufika kwenye vifundo. Nilivaa buti za mpira za mtu mwingine, ndani zilikuwa na unyevu wa miguu yake. Ngazi ilikuwa na utelezi. Kila hatua niliyoshuka harufu ilibadilika, kwanza ya yai bovu, kisha tamu, na hiyo tamu ndiyo mbaya zaidi. Nilitapika kabla sijafika chini, nikatapikia pale pale, hakuna aliyegundua tofauti. Mende walikuwa wamejaa kwenye kona kama zabibu.

Nikanyoosha mkono kuutafuta mpira wangu. Ningeujua hata nikiwa kipofu, una mabega mawili na mfereji katikati. Mkono haukukutana na mpira. Ulikutana na ukuta, baridi, laini. Nikapapasa kuzunguka bomba lote, juu, pembeni, chini ndani ya yale maji. Ukuta mtupu. Nikadhani hawajaweka mpira kabisa, wameiba. Nikaomba tochi.

Mpira ulikuwapo. Ulikuwa umepigwa lipu. Ule mkono wa shati wote, na nafasi yote iliyo ndani yake ambayo niliiacha makusudi ili bomba licheze, ilikuwa imeshindiliwa saruji, kisha juu yake lipu, kisha juu ya lipu maji ya saruji yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa. Rangi moja na ukuta. Mkaguzi kutoka juu angeona nini? Aliona kazi safi. Kuzunguka bomba palikuwa na ufa mwembamba, na kwenye ufa yalikuwa yanasukumwa yale yanayotoka. Chemba ilizama kama nilivyojua itazama. Mpira ulitaka kujikunja ukakuta umefungwa ndani ya jiwe, ukachanika begani.

Na kazi ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililonitia kinyaa kuliko mende. Mahali bomba linapokutana na ukuta palikuwa na mduara mdogo ulioingia ndani, uliopitishwa kidole gumba pale saruji ilipoanza kukaza. Nyumbani kwetu dirisha la jikoni lina mduara huo, na la chumbani pia. Hapa mjini hakuna fundi mwingine anayemaliza kona kwa gumba.

Nilipanda nikakaa kando ya barabara na mvua ikaninyeshea. Sikutaka jina lake litoke kinywani mwangu kwanza mbele ya vibarua, nikasema nitatoa taarifa.

Nilimkuta uani anaosha mwiko. Nikamuuliza hata kabla sijavua buti.

"Nani kakwambia upige lipu juu ya mpira?"

Akatabasamu. Naapa alitabasamu, kama mtu aliyeficha zawadi ikaonekana. "Umeshuka? Umeiona?"

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Vijana waliuweka wakataka kufunika chemba waende. Nikauangalia mpira umekaa pale, mweusi, uchi, na mikunjo yake, na najua ni wa mke wangu. Nikasema hapana, mkaguzi akimulika aone kitu kama hicho? Nikausitiri. Uliposema unavuja nikaongeza saruji. Ulipoleta ile laini nikaijaza mpaka ndani, maana ile ilikuwa haina nguvu kabisa. Kila chemba nimeifanya mwenyewe kwa mkono wangu. Vijana siwaachii."

Nikamwambia. Nikamweleza mkono wa shati, kushuka, kujikunja, kuchanika. Sijawahi kumweleza hayo tangu anioe, wala yeye hajawahi kuuliza. Tabasamu lilikwenda taratibu.

"Mchoro haukusema," akasema.

"Mchoro haukusema usiujaze saruji kwa sababu hakuna mwenye akili angeujaza."

Akautazama mwiko. "Kwa hiyo uchafu wote huu wa mtaani ni mimi."

Nilikwenda kuoga. Nimejisugua mpaka ngozi inauma, na bado nanuka, na sijui nanuka nini.

Ijumaa, 18 Aprili

Anakula baada yangu. Mama mkwe anamwekea yeye chakula, changu najipakulia mwenyewe sufuriani.

Jumanne, 22 Aprili

Kikao. Bosi, Marashi, mkaguzi wa idara, mimi. Nimesema lipu. Nimechora ubaoni. Mkaguzi uso ulimshuka kwa sababu sahihi yake iko kila mahali, akasema, "Mimi kwa juu niliona kazi safi sana." Bosi alifurahi mpaka kalamu ikamdondoka. Sisi tumepona, mpira hauna kosa.

"Sasa nani alipiga?" mkaguzi akauliza.

Marashi ndiye aliyekuwa na jibu. Akajiegemeza, manukato yakatufikia sote. "Vibarua, mheshimiwa. Hawa wa kuokoteza. Tuandike vibarua walikiuka maelekezo, wafukuzwe, kazi iendelee. Fundi mkuu hana haja ya kuguswa." Akanikonyeza. Alijua Kioo ni nani kwangu, na alidhani ananifanyia hisani.

Ilikuwa rahisi mno. Mipira yangu inabaki, kazi yangu inabaki, mume wangu anabaki Kioo, na vijana wasio na hata barua ya ajira wanaondoka, hakuna atakayewauliza. Wangeondoka bila kubisha, wamezoea. Nililiangalia lile jicho lililonikonyeza, lenye tongotongo pembeni, na nikasikia kichefuchefu kile kile cha kwenye ngazi. Kwa sababu kwa dakika nzima nilikuwa nimekubali.

"Siyo vibarua," nikasema. "Ni Kioo mwenyewe. Mume wangu. Amezifanya zote kwa mkono wake."

Marashi akakohoa. Mkaguzi akaandika haraka, mtu aliyepata pa kuutua mzigo. Uamuzi: fundi asimamishwe kazi mpya yoyote ya idara. Zile zote alizopiga lipu azifungue mwenyewe, mpira ulioharibika ubadilishwe. Na mvua zikiisha wataangalia kama mipira imeshika, maana hilo bado.

Bosi akanipa mkono. Nikaupokea, sikuwa na namna.

Jumatano, 23 Aprili

Nilimwambia kabla hajaambiwa na watu. Alisikiliza amesimama. Akauliza kitu kimoja tu: "Ulinitaja wewe, au waliuliza ni mimi?"

"Nilikutaja mimi."

Akaenda kukusanya tindo na nyundo.

Mama mkwe alingoja atoke. Kisha akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Mwanangu, mtu amekusitiri, wewe ukamwanika." Nikataka kumjibu kuhusu vibarua, kuhusu uchafu uliofika mlangoni. Alikuwa amekunja miguu chini ya khanga yake, nikaona kwa mara ya kwanza jinsi visigino vyake vilivyopasuka, damu kabisa.

Jumatatu, 28 Aprili

Anafungua chemba ya shule. Watu wanasimama kumwangalia. Mwenye saluni amemwita "Kioo kilichopasuka" na mtaa mzima umelidaka.

Jumanne, 6 Mei

Nimeongeza kwenye mchoro, herufi kubwa: MPIRA USIFUNIKWE KWA SARUJI WALA LIPU. Ilinichukua dakika. Nimekaa naitazama nikijichukia.

Jioni nimeshuka naye. Sikuombwa. Anahitaji mtu wa kumulika, vijana hawataki tena kufanya naye kazi bure. Nilitapika. Alingoja nimalize, kisha akaendelea kugonga. Anagonga kama daktari wa meno, kipande kidogo kidogo, asiuguse mpira. Nimemulika mikono ile nisiyopenda kuitazama wakati wa kula.

Jumanne, 13 Mei

Mvua kubwa kuliko zote. Ukuta wa muuza dawa umelala. Mchana tulizunguka na mkaguzi, na safari hii alishuka mwenyewe, masikini, na tai yake. Chemba ya kona imezama tena, upana wa kiganja. Mpira umejikunja wote, umevimba upande mmoja kama shavu lenye tonge, sura mbaya kweli. Mkavu. Zile tulizofungua zote kavu. Zile zenye lipu bado, zote zinavuja.

Mkaguzi akasema mipira inabaki, hata kabla mvua hazijaisha. Bosi amenipigia simu anaimba. Marashi ameshaandika tangazo, lina neno "ubunifu" kila mstari. Ningetamani kufurahi. Nimefika nyumbani, hakuna wa kumwambia ambaye hajui.

Jumamosi, 17 Mei

Mama mkwe amesema chumvi imezidi. Amesema nami, maana yake.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zinakata. Leo tumefungua ya mwisho, iliyo mbele ya mlango wetu.

Aliiacha ya mwisho makusudi, nimejua niliposhuka. Hakuna aliyoifanya vizuri kama hiyo. Lipu haina hata alama ya mwiko. Mduara wa gumba umezunguka bomba bila kukatika mahali popote, na nje yake kuna mwingine mwembamba aliouchora kwa waya, pambo tu, kule chini kwenye giza ambako kingepita kinyesi na panya. Ile ya kona aliifanyia mkaguzi. Hii hakuna mtu angeiona.

Aliweka tindo kwenye ukingo, akainua nyundo, akaishusha bila kugonga.

"Hii niliipiga siku ile sauti ilikukatika mezani," akasema. Ni maneno marefu kuliko yote aliyonipa tangu Aprili.

Nilitaka kumwambia nafanya mimi. Nikanyoosha mkono nichukue nyundo. Hakunipa.

"Geuka, mama."

"Nigeukie wapi, chemba yenyewe hii?"

"Geuka tu. Taa weka hapo."

Nikaweka tochi kwenye ngazi, nikageukia ukuta, pua karibu iguse ute wake. Nikamsikia anavuta pumzi, kisha akaanza. Alikuwa anaigonga kwa nguvu, siyo kama zile nyingine. Lipu ilianguka mapande mapande kwenye maji taka, na maji yakaruka, yakanipiga mgongoni, shingoni, kwenye nywele. Nilisimama hivyo hivyo mpaka alipomaliza, sikujifuta.